RAMANI YA SONGEA SI SIRI YA WAKUBWA

Simama asubuhi pale Mfaranyaki, mwite kijana yeyote wa bodaboda, mwambie unataka kufika kwa mama anayekaanga maandazi nyuma ya msikiti, upande wa Lizaboni. Hatakuuliza namba ya nyumba. Atasema, "Panda twende." Atakata vichochoro vitatu, atavuka mtaro uliobomoka, atakwepa shimo analolijua hata gizani, na kabla hujamaliza kumlalamikia bei utakuwa umefika. Kijana huyo ameibeba Songea nzima kichwani.

Sasa mwulize swali la pili. Mwulize hivi: ndugu yangu, huo mtaa unaolala kila siku, umewahi kuuona mchoro wake wa mipango miji? Ule unaoonyesha barabara itapita wapi, shule itajengwa wapi, kiwanja gani kimeachwa wazi, na nyumba ya mzee wako imeangukia kwenye rangi gani? Atacheka. Pengine atakuuliza kama unataka kugombea udiwani.

Hapo ndipo penye ugonjwa. Anayeujua mji hana ramani. Mwenye ramani haujui mji. Na katikati yao wamekaa wajanja wachache, ambao hawajui kuchora wala hawatembei kwa miguu, lakini wanajua droo gani ifunguliwe na nani apewe chai.

Leo tunataka kuzungumza na ninyi vijana wa Songea, wa Majengo na Bombambili, wa Matarawe na Misufini, wa Msamala, Mjimwema na Ruhuwiko. Tunataka kusema jambo moja: ramani ya mji huu ni mali yenu, na msipoishika kalamu ninyi, ataishika mtu mwingine kwa niaba ya tumbo lake.

MSTARI WA PENSELI UNABOMOA NYUMBA

Kuna watu wanadhani ramani ni picha ya kupamba ukuta wa ofisi. Wanajidanganya. Ramani ni amri inayosubiri siku yake.

Waulizeni wenye nyumba kandokando ya barabara kuu za nchi hii. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati ya barabara. Nyongeza ya mita 7.5 tu. Kwenye karatasi, huo ni unywele wa penseli. Mtaani ni sebule, ni choo, ni genge la mama, ni chumba cha mpangaji anayelipia ada ya mtoto. Siku moja anakuja mtu na kopo la rangi, anapiga X ukutani, anaondoka. X nyekundu maana yake vunja mwenyewe, usidai kitu. X ya kijani maana yake subiri fidia. Na Mtanzania gani asiyejua kusubiri fidia kunavyozeesha?

Mwenye nyumba anapouona ule msalaba wa rangi ukutani, anadhani mambo ndiyo yameanza. Kumbe yalikwisha siku nyingi. Yalikwisha pale mstari ulipochorwa, mahali ambapo yeye hakuitwa, kwenye karatasi ambayo hakuonyeshwa.

Halafu kuna ugonjwa wa pili, ule wa kiwanja kimoja kuwa na wenyewe wawili. Kila mji wa nchi hii unaujua. Mmoja ana karatasi, mwingine ana karatasi, wote wamelipa, wote wana mihuri. Wanakutana kwenye msingi, mmoja na fundi wake, mwingine na mgambo. Ugonjwa huu unaishi gizani kama kunguni. Mchoro wa mtaa ukining'inia ukutani pale ofisi ya kata, kila mtu akapita akauona, nani atathubutu kuuza uwanja wa mpira mara mbili? Siri ndiyo mtaji wa biashara hiyo. Ukiitoa siri, duka linafungwa.

NANI ALIANZA KUTUCHORA

Sisi watu wa Ruvuma hatuhitaji kufundishwa na mtu jinsi mstari wa aliye mbali unavyowakata walio karibu. Mwaka 1886 Mjerumani na Mreno walipatana kuufanya mto Ruvuma kuwa mpaka. Ndugu waliokuwa wakivuka kwenda kuposa na kuzika wakaambiwa sasa wanavuka kwenda nchi nyingine. Tarehe 1 Julai 1890, Mjerumani na Mwingereza wakatia saini mkataba mjini Berlin, na hadi leo Tanzania na Malawi wanavutana juu ya Ziwa Nyasa: mpaka uko ufukweni au katikati ya maji? Mvuvi wa Mbamba Bay anayetupa wavu usiku hakuulizwa na Berlin.

Wazee wetu waliikataa mistari hiyo kwa damu. Vita vya Majimaji vilipiganwa kuanzia mwaka 1905 hadi 1907. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa wetu walinyongwa hapa hapa Songea, na kaburi lao la pamoja liko Mahenge, penye Makumbusho ya Majimaji. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu unabeba jina lake, naye alinyongwa mwaka huo huo. Tafakarini jambo hilo. Mji wenu umepewa jina la mtu aliyekataa kupangiwa. Itakuwa aibu mji wa jina hilo uendelee kupangwa kimyakimya na wenyewe wakiwa kijiweni wanacheza bao.

Wakoloni walipanga miji yetu kwa rangi ya ngozi. Dar es Salaam waliikata mafungu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uzunguni walipaacha pana, na miti na upepo wa bahari. Uswahilini walipaminya. Majina hayo hayakushushwa na mvua, yalitoka mezani kwa wapima na watawala. Na mji gani mkubwa wa Tanzania hauna mtaa wake unaoitwa Majengo?

Uhuru wa mwaka 1961 ulibadilisha bendera. Kalamu ya mchoraji je? Mpango kabambe wa Dar es Salaam wa mwaka 1968 uliandaliwa na kampuni ya Kanada. Ule uliofuata, wa mwaka 1979, uliandaliwa na kampuni nyingine ya Kanada. Hatuna ugomvi na Wakanada. Walitumwa, wakalipwa, wakachora vizuri, wakaondoka. Lakini michoro ilipokuwa imelala kabatini, watu walikuwa wanajenga. Mtu hawezi kumwambia mkewe walale nje wakisubiri kiwanja kipimwe. Leo inakadiriwa kwamba karibu asilimia 70 ya wakazi wa Dar es Salaam wanaishi kwenye makazi yasiyopangwa. Mpango usiowajua watu, watu nao hawatautambua.

Songea inakuja nyuma kwa kasi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya 203,000 katika manispaa yetu. Sensa ya mwaka 2022 ikakuta wamepita 280,000. Ndani ya miaka 10 tumeongezeka zaidi ya watu 75,000. Hao wamelala wapi? Wamepanda vilimani, wameteremka mabondeni, wamekata mashamba ya mahindi vipande vipande. Wapo wanaosogelea vyanzo vya maji, na sisi tunakaa chini ya safu ya Matogoro, kunakoanzia mto Ruvuma wenyewe. Tukikosea hapo hatutawakosea wajukuu wetu peke yao, tutamkosea na mtu wa Mtwara aliye mwisho wa mto.

WENZETU WALIKAMATA KALAMU

Watu wa kawaida wamewahi kuchora mji wao wenyewe, na mji ukasikia.

Mwaka 1854 kipindupindu kilikuwa kinaua watu mtaa wa Soho, jijini London. Wakubwa walisema ni hewa mbaya. Daktari mmoja, John Snow, alipita nyumba kwa nyumba akiuliza nani amekufa na maji alikunywa wapi, kisha akaviweka vifo hivyo kwenye ramani ya mitaa. Alama zikajazana kuzunguka pampu moja ya maji, ile ya Broad Street. Mpini wa pampu ukaondolewa. Ramani ile haikuwa na urembo wowote. Ilikuwa na ukweli uliopangwa mahali pake, na ukweli uliopangwa mahali pake ni mgumu kuukanusha. Na sisi ambao mlipuko wa kipindupindu ulioanza mwaka 2015 ulitupatia wagonjwa zaidi ya 20,000 nchi nzima, hatuna sababu ya kuiita hiyo hadithi ya Wazungu.

Tuje nyumbani kwa majirani. Kibera, Nairobi, pana watu wasiohesabika kwa urahisi, pana shule, zahanati, makanisa, misikiti, saluni na vinyozi. Lakini kwenye ramani rasmi palionyeshwa kama msitu. Msitu! Mwaka 2009 vijana wa hapo hapo wakapewa vifaa vya GPS, wakafundishwa kuvitumia, wakaingia vichochoroni kuandika: hapa bomba, hapa choo, hapa shule, hapa usipite usiku. Kibera ikaonekana. Ni rahisi kuunyima msitu zahanati. Kuwanyima watu walioandikwa jina la kila uchochoro ni kazi ngumu zaidi.

Na hapa Tanzania je? Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia Tandale, Dar es Salaam, wakashirikiana na wakazi kuichora kata yao. Desemba ya mwaka huo huo mafuriko yakalipiga jiji, watu wakafa, na wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Jiji likajiuliza: maji yanapita wapi? Mitaro iko wapi? Ipi imeziba? Majibu hayakuwamo kabatini.

Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia kwenye kata zinazofurika, pamoja na wakazi wenyewe. Ndege ndogo zisizo na rubani zikapiga picha kutoka juu. Lakini picha ya juu inaonyesha bati, haikwambii chini ya bati kuna nini. Kwa hiyo vijana wakatembea kwa miguu, simu mkononi na karatasi kwapani, wakiandika upana wa mtaro, kina chake, umejengwa kwa nini, umeziba au unapitisha. Wenyeji wakawaonyesha maji yalipofika. Kazi yote ikawekwa kwenye OpenStreetMap, ramani huru iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuifungua bila kulipa na bila kumwamkia mtu. Zanzibar nao, kuanzia mwaka 2016, waliwatumia vijana wa chuo kikuu chao cha taifa kuvipiga picha visiwa kwa ndege za namna hiyo.

Walioyajibu maswali ya jiji walikuwa wanafunzi na vijana wa mtaa, wenye viatu vya kawaida. Elimu yao ya kwanza ilikuwa ile ile aliyonayo kijana wetu wa Mfaranyaki: kuujua uchochoro.

SONGEA IMEKWISHA KUCHORWA NA NANI?

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Dar, Songea hatuna uwezo. Tunawauliza: mwaka 2022 ilikuwaje?

Mwezi Februari mwaka huo serikali ilizindua Operesheni ya Anwani za Makazi nchi nzima. Vijana wakaingia mitaani wakiwa na simu, wakapita nyumba hadi nyumba, wakarekodi jina la mtaa, namba ya nyumba na mahali ilipo. Nguzo za majina ya mitaa zikasimikwa. Agosti ya mwaka huo ikafuata Sensa, nayo ikahitaji nchi nzima igawanywe kwenye maeneo ya kuhesabia watu, kila eneo na ramani yake. Kwa hiyo nyumba zenu zimekwisha kuonekana, zimekwisha kupewa namba. Kazi ilifanywa na vijana wa Kitanzania, wala hawakuagizwa kutoka ng'ambo.

Swali letu ni moja. Taarifa zilipanda juu. Kilichoteremka ni nini? Mtaa ulibakiwa na namba mlangoni na nguzo pembeni ya barabara, ambayo nyingine zimekwisha kugongwa na malori. Serikali ya mtaa wako ina ramani ile ukutani? Mwenyekiti anaweza kukuonyesha nyumba zisizo na maji ya bomba, mahali pasipo na taa, mahali gari la zimamoto haliwezi kupita? Kama hawezi, basi tulihesabiwa kama ng'ombe kwenye josho: mwenye ng'ombe anajua idadi, ng'ombe hajui kitu.

Mfano mwingine ni wa machinga. Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa kandokando ya barabara miji mingi ya nchi hii na kupelekwa maeneo yaliyotengwa. Miji kadhaa wakalalamika kwamba huko walikopelekwa wateja hawapiti. Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu aliyechagua eneo alitafuta nafasi tupu kwenye ramani, na ramani yake haikuwa na miguu ya watu. Haikuonyesha wanawake wanashukia wapi kutoka sokoni, wanafunzi wanakata njia ipi, mabasi yanamwaga abiria saa ngapi. Machinga anayajua hayo yote, maana ndiyo mshahara wake. Angeulizwa achore, angechora kwa nusu saa kitu ambacho mtaalamu hatakipata kwa mwaka.

Hapa ndipo ramani inapokuwa chombo cha kubuni, si cha kuhesabu tu. Ukishaweka kwenye karatasi njia wanazopita watu kweli, mji unaanza kukwambia wenyewe unataka nini. Hapa watu 1,000 wanavuka barabara na hakuna kivuko. Hapa pana mwembe ambao wazee wameugeuza bunge, basi wekeni benchi, msijenge ukuta. Hapa vijana wanacheza mpira jioni, na uwanja ni wa mtu binafsi ambaye kesho anajenga. Hapa maji ya mvua yanakimbia kila mwaka, kwa hiyo pasigawiwe kiwanja, pageuzwe bustani. Hayo ndiyo mawazo ya kubuni mji. Yanazaliwa pale watu 20 wanapoinama juu ya karatasi moja wakibishana, mmoja akisema hapa, mwingine akisema aah, huko panatuama maji.

NA NINYI MSIJIFANYE WAJUAJI

Sasa tuwaambie na ninyi ukweli, maana gazeti hili haliwapaki mafuta wasomaji wake.

Kwanza, ramani mtakayochora mtaani haigeuki hati ya kiwanja. Kupima mipaka kisheria ni kazi ya mpima mwenye leseni, na mawe ya mipaka hayapandwi kwa kubahatisha. Atakayekuja kwenu na karatasi ya kuchora mwenyewe akawaambia "lipeni nipate kuwapa hati" ni tapeli, mkimbieni. Mmeona kwenye urasimishaji wa makazi: katika miji mbalimbali zipo kampuni zilizochangisha walalahoi fedha, zikaacha kazi njiani, na wizara yenyewe ikalazimika kukemea. Ramani ya wananchi ina kazi nyingine. Ni ushahidi. Ni sauti yenye vipimo.

Pili, mkichora vijana wa kiume peke yenu mtatoa ramani ya viwanja vya mpira, vijiwe na mabanda ya video. Mtasahau bomba la maji, kwa sababu hamlibebi hilo dumu. Mtasahau kichochoro ambacho dada yenu hapiti baada ya saa moja jioni, kwa sababu ninyi mnapita mkipiga mluzi. Mtasahau mlango wa zahanati usioingiza kiti cha magurudumu. Waiteni mama ntilie, waiteni wasichana, waiteni wazee na walemavu. Karatasi ni pana, inatosha watu wote.

Tatu, kuna vitu haviandikwi. Msiweke jina la mtu juu ya nyumba yake. Msiandike nani ana kitu gani ndani. Ramani huru husomwa na mwema na mwizi, husomwa na diwani na dalali wa ardhi. Chukueni kile kinachousaidia mtaa, mengine yaacheni yalale.

Nne, na hili lisikieni vizuri: ramani ya mtaa haina kadi ya chama. Mtaro uliobomoka unammeza mwenye kadi ya kijani na mwenye kadi ya rangi nyingine bila kuuliza. Hata sisi tunaoandika ukurasa huu, siku tukija kwenu kuigeuza ramani yenu bango la kampeni, tufukuzeni.

KAZI IANZE NA MTAA MMOJA

Msingoje mfadhili. Mfadhili akija anakuja na fulana na kofia, akiondoka fulana inabaki kuoshea pikipiki. Anzeni na mtaa mmoja. Tafuteni watu 10 wanaojuana. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa mkamwambie mnachotaka kufanya, mchana kweupe, asije mtu akasema mnapanga njama. Mwenye simu ya kupapasa afungue ramani huru aone mtaa wenu ulivyochorwa au ulivyoachwa mtupu. Chapisheni kwenye karatasi kubwa. Kama hakuna fedha ya kuchapisha, chora kwa mkono, hesabuni hatua.

Kisha tembeeni. Chagueni mambo matano tu, msichague hamsini: maji, mitaro, taa, vyoo vya watu wote na maeneo ya wazi. Wekeni alama. Rudini, bandikeni karatasi chini ya mti, waiteni wenyeji waisahihishe. Watabishana. Waacheni wabishane, ndiyo raha yake. Kisha ipelekeni kwenye mkutano wa mtaa, na kutoka hapo kwa diwani. Mwambieni: mheshimiwa, hatukuja kulalamika, tumekuja na ramani. Kiongozi amezoea malalamiko, ana majibu yake ya mfukoni. "Mchakato unaendelea." "Fedha hazijashuka." Lakini mtu aliyewekewa mezani mtaro wenye urefu, upana na picha ya mahali ulipoziba, atajibu nini? Atatafuta jasho lake kwa leso.

Na kwa wakubwa wa mji wetu tuna madai manne, wala si makubwa.

La kwanza: mchoro wa mipango miji wa kila mtaa ubandikwe kwenye ofisi ya kata na ya mtaa, kwa maandishi ya Kiswahili yanayosomeka, na usifungiwe kabatini. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wadau, wakiwamo wenye ardhi na vikundi vya wananchi, washirikishwe mpango wa jumla wa mji unapoandaliwa. Kushirikishwa siyo kusainishwa karatasi ya mahudhurio na kupewa soda.

La pili: maeneo ya wazi yaorodheshwe hadharani, moja moja, kwa jina na kwa ukubwa, ili lile litakalopotea lijulikane limepotea siku gani na mikononi mwa nani.

La tatu: Songea ni miongoni mwa miji 45 ya mradi wa TACTIC, unaoendeshwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mkopo maana yake tutalipa sisi na watoto wetu. Kwa hiyo kila barabara, mtaro, soko na stendi itakayojengwa kwa fedha hizo, mchoro wake ufike mtaani kabla ya kijiko kufika. Mlipaji ana haki ya kuona anacholipia.

La nne: taarifa za anwani za mwaka 2022 zirudishwe kwa mitaa kwa namna isiyovunja siri za watu, ili mwenyekiti aache kuongoza kwa kukisia.

Tunajua watakaonuna. Atanuna dalali aliyezoea kuuza bonde wakati wa kiangazi. Atanuna mjanja aliyezoea kuuza kiwanja kimoja mara mbili. Watanuna wale ambao kwao mwananchi mwenye penseli ni hatari kuliko mwenye panga. Waacheni wanune.

Kijana wa Songea, wewe unaijua njia ya kila nyumba ya mji huu. Umewafikisha watu wengi walikotaka kwenda. Sasa chora njia ya kwako. Siku hiyo atakayekuja na kopo lake la rangi akukute umesimama mlangoni, ramani mkononi, umwulize kwa adabu: "Samahani mzee, hiyo X, iko kwenye mchoro upi?"